Pole Inayovujisha Siri

Maneno haya niliyatoa Mtwara mjini mbele ya matabibu wa kinywa na meno wanaoanza kazi, wauguzi wa vyumba vya meno na watu wa mapokezi. Vijana waliniomba maandishi, nami nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka. Nimeacha tu pale umeme ulipokatika na pale nilipogombana na kipaza sauti.

Ndugu mwenyekiti, wakubwa zangu wa meza kuu, wauguzi, ndugu zangu wa mapokezi, na nyie vijana ambao makoti yenu bado yana mikunjo ya dukani: itifaki izingatiwe. Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Mtwara kuchele!

Nimeombwa nizungumzie maadili ya kazi yetu na siri ya mgonjwa. Aliyenipigia simu alisema, "Mzee, wape vifungu vya sheria wavijue." Vifungu nitavitaja, lakini vichache, maana mmeshavikariri chuoni mkavijibia mtihani mkafaulu. Miaka yote niliyong'oa na kuziba meno huku kusini, sikumbuki kuona siri ya mgonjwa ikitolewa na mtu aliyekusudia kumuumiza. Labda mara moja. Zilizobaki zote nilizoziona zilitoka kwa watu wema, waliokuwa wanasalimia. Zilitoka ndani ya neno "pole".

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuuza korosho kupitia maghala, tuseme 2008, mimi ndio kwanza nina miaka miwili kazini, katika hospitali ambayo sitaitaja. Akaja mwalimu wa shule ya msingi, mama wa makamo, nadhifu, kitenge kimepigwa pasi. Alikuwa na meno mawili ya bandia ya mbele, yale ya kuvaa na kuvua, nayo yalikuwa yamepata ufa upande unaokaa kwenye kaakaa. Tukachukua vipimo, vikatumwa, baada ya wiki kadhaa meno mapya yakarudi. Nikamvalisha, nikasugua kidogo palipokuwa panamchoma, akajitazama kwenye kioo cha mkononi, akatabasamu. Nikajiona fundi.

Msimu wa korosho ukafika. Nami nilikuwa na kishamba changu, si cha kujivunia, magunia matatu. Siku hiyo niko kwenye ghala la chama cha msingi nasubiri zamu ya mizani, nani yuko mbele yangu? Mume wa yule mwalimu. Salamu zikapita kama kawaida yetu. Habari za shamba, nzuri. Watoto, hawajambo. Bei je, tunasubiri. Na mimi, kwa adabu zote alizonifunza mama yangu, nikaongeza: "Na shemeji? Meno yameshamzoea?"

Akauliza, "Meno gani?"

Hapo mtu mwenye akili angerudi haraka kwenye bei ya korosho. Mimi nikafafanua. Nikamwambia yale ya mbele, tuliyomtengenezea upya baada ya yale ya zamani kupasuka. Nikamwonyesha na kwa kidole, hapa na hapa. Akacheka kidogo, akasema, "Aa, yapo sawa," akageukia magunia yake.

Baada ya wiki mbili mama yule akarudi. Hakukaa kitini. Alisimama mlangoni, mkoba begani, akaniambia jambo ambalo sikulijua. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, mumewe hakuwahi kumwona bila meno yale. Alikuwa akiyavua taa ikishazimwa, anayaloweka kwenye kikombe chenye kifuniko nyuma ya ndoo ya maji, anayavaa kabla ya adhana ya alfajiri. Kisha akasema, "Daktari, mimi nilikuja kwako kwa sababu wewe si ndugu yangu."

Nikauliza, kwa woga, kama kuna ugomvi nyumbani. Akasema hakuna. "Hajaniacha wala hajanigombeza. Ila sasa nikicheka, ananitazama mdomoni."

Akaondoka. Kumbukeni maneno yake kwamba mimi si ndugu yake, maana huku kwetu tunaona sifa tabibu akiwa ndugu wa kila mtu. Watu wanakuita kaka, baba, mjomba, wanakuletea muhogo na mbaazi, harusini unakaa mkeka wa mbele. Hayo ni mazuri na sitaki muyakatae. Lakini kuna mambo mtu anayabeba hadi kwako kwa sababu tu amekuhesabu kuwa nje ya ukoo wake, nje ya mtaa wake. Hataki ushauri wa shangazi. Anataka mikono inayojua kazi na mdomo uliofungwa.

Sasa shida iko hapa. Kwetu kumjulia mtu hali ni utu. Ukikutana na mtu uliyesikia anaumwa ukapita bila kusema pole, utaambiwa umevimba kichwa tangu upate kazi ya serikali. Kwa hiyo tabibu anapita soko kuu, anamwona mama anachagua dagaa, anapaza sauti: "Mama, pole na fizi! Damu imekata?" Hajakusudia ubaya wowote. Lakini muuza dagaa amesikia, wateja watatu wamesikia, na jirani wa mama yule aliyekuwa amenuna naye tangu Ramadhani amesikia pia. Jioni fizi zimeshageuka kuwa ugonjwa mwingine kabisa, na mtoaji habari ni wewe uliyesema pole.

Mimi niliposhtuka nikajiwekea utaratibu, nao ni mwepesi. Nikikutana na mgonjwa wangu nje ya kazi, namsalimia kama jirani. Mvua, watoto, bei. Jino akitaka kulizungumza ataanza yeye, na akianza mbele za watu namjibu neno moja namwomba apite kazini. Miezi ya mwanzo baadhi yao waliniona nina maringo. Wakazoea.

Kuna sauti nyingine mtaisikia, na mara nyingi itatoka vichwani mwenu wenyewe: "Si ni jino tu?" Daktari wa wodi ya kina mama anajua anashika siri. Mtu wa maabara anajua. Sisi tunaona tunashughulika na magego, nani ataona haya kwa gego?

Semeni wenyewe mdomo unavyosema. Mtu mzima ana meno 32 akiwa nayo yote, na kila moja linasimulia. Mwanamke kakaa kitini, meno ya mbele ya juu yamelika upande wa ndani, upande wa ulimi. Unajua ni tindikali ya tumboni, unajua anatapika mara kwa mara, na sababu zinaweza kuwa kadhaa, mimba ikiwemo, naye pengine ni binti ambaye hata mama yake hajui. Mwingine ana utando mweupe mdomoni unaobanduka ukiugusa na pamba. Fangasi hao huwapata watoto wachanga, huwapata wenye kisukari na wanaolala na meno ya bandia, na huwapata pia wenye VVU ambao kinga yao imeshuka. Mwingine ana baka la zambarau kwenye kaakaa, nawe moyo unakwenda mbio kwa sababu umeona picha kama ile kitabuni, kwenye saratani zinazowapata wenye VVU. Mama mwingine kavunjika jino la mbele, mdomo umechanika kwa ndani, anasema ameanguka bafuni. Ni mara ya tatu mwaka huu anaanguka bafuni.

Wazee wetu walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Sisi ndio kata. Tunaingia ndani tunaona maji yana nini, na mtungi hauwezi kutuzuia, kwa sababu mgonjwa ameshafumbua mdomo.

Hapa niingize jambo la kitabibu, maana wengine mnaona usiri ni mapambo ya adabu. Mgonjwa asiyekuamini hakwambii ukweli, na asipokwambia ukweli unaweza kumdhuru. Mtu anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, usipojua ukang'oa, utakaa naye na pamba hadi usiku. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa, kidonda chake kinachelewa kupona na usaha ni rahisi. Mwenye presha ya juu unatakiwa ufikirie hesabu ya ganzi yenye adrenalini. Mwenye tatizo la vali za moyo anaweza kuhitaji dawa kabla hujagusa fizi. Mjamzito utafikiria dawa unazomwandikia na kama picha ya eksirei haiwezi kungoja. Haya yote unayajua kwa kumuuliza tu, naye atakujibu kulingana na alivyosikia ukimjibu mgonjwa aliyemtangulia.

Na amesikia. Ndiyo maana nataka tuzungumzie mlango.

Mnaujua mlango wa chumba cha meno Mtwara mwezi wa Desemba. Joto limekaza, feni moja inazunguka kwa huruma, kwa hiyo mlango uko wazi, umezuiwa na tofali au kopo la rangi. Nje yake kuna benchi. Kwenye benchi kuna watu saba, mashavu yamevimba, hawana la kufanya isipokuwa kusikiliza. Ndani unauliza kwa sauti ya kushinda mashine: "Unatumia dawa zozote? Za presha? Za kufubaza?" Mgonjwa anatazama mlangoni, anasema hapana.

Niliwahi kukaa kwenye benchi kama hilo, mimi mwenyewe nikiwa mgonjwa, mji ambao hawakunijua. Kwa dakika ishirini nilijua nani ana ujauzito, nani amechelewa kulipa, na kijana yupi harufu ya mdomo imemkosesha mchumba. Ilipofika zamu yangu nikaulizwa kama nina tatizo lolote la kiafya. Nikasema sina, wakati presha ninayo. Mimi, tabibu wa meno, nilidanganya kwenye kiti cha meno.

Kama mlango haufungiki kwa joto, pazia linatosha kuzuia macho lakini halizuii sauti. Sogeza benchi. Hatua nne zinatosha. Maswali ya afya muulize mgonjwa kabla hujamlaza, ukiwa umekaa, uso kwa uso, sauti ya chini. Au mwandikie kwenye karatasi aweke alama, na asiyejua kusoma msomee sikioni. Sijawahi kuona bajeti ya halmashauri ikikwama kwa sababu ya kusogeza benchi.

Kuna jambo lingine la kiti chetu ambalo wodi nyingine hawana. Mgonjwa wetu hawezi kujibu. Kalala chali, taa usoni, mdomo umejaa pamba na mrija wa kufyonza mate, nusu ya uso imekufa ganzi. Hapo juu ya kichwa chake mimi na msaidizi wangu tunazungumza. "Huyu si ndiye yule mke wa nanihii?" "Ndiye." "Kwani walirudiana?" Anasikia kila neno, na hawezi kusema hata "ee". Machozi yakimtoka tunadhani ni sindano. Nikiwaona wanafunzi wangu wanapiga soga juu ya mgonjwa huwa nawafukuza chumbani, halafu nje nawaeleza kwa nini. Mgonjwa akiwa na pamba mdomoni, zungumza naye yeye tu, na umweleze unachokifanya.

Sasa simu.

Kuna bibi alikuja kutoka uwanda wa juu, kule Newala, analetwa na mjukuu wake. Bibi wa Kimakonde wa zamani halisi: chale usoni, tundu la ndonya, ule urembo wa kuchomeka, kwenye mdomo wa juu, limeshalegea, na meno ya mbele yaliyochongwa kwa ncha kama walivyochongwa wasichana wa enzi zake. Mabibi wa namna ile wamebaki wachache. Alikuwa anaumwa gego. Vijana wawili wa mafunzo wakapigwa na butwaa, na kwa kweli hata mimi nilimtazama kwa heshima. Mmoja akachomoa simu, akampiga picha mdomo wazi, vidole vyangu vikiwa mle mle. Mlio wa kamera ukasikika.

Bibi akausukuma mkono wangu taratibu, akauliza kwa Kiswahili chake cha pole pole, "Mjukuu wangu, hapo umechukua nini?"

Kijana akajibu, "Picha tu bibi, ya kujifunzia."

Bibi akasema, "Haya. Mimi nimeleta jino moja. Umechukua yote?"

Tulicheka, lakini kijana hakucheka. Nilimwambia afute mbele ya bibi, akafuta. Jioni nikamuuliza ukweli, akakiri alikuwa tayari ameiweka kwenye kundi la WhatsApp la wenzake wa chuo, watu mia na kitu. Akaenda kuiondoa. Lakini picha iliyokaa kwenye kundi kwa muda wa saa sita utaiondoa kwenye simu ya nani na nani? Sura yenye chale zile, ukiionyesha Newala, watu watakwambia ni bibi wa nyumba ipi. Kumficha macho kwa ukanda mweusi kusingesaidia kitu.

Sikatai picha. Kuna vidonda vinahitaji kupigwa picha ili vitumwe kwa bingwa Muhimbili au huku kwetu hospitali ya kanda, na mgonjwa apone. Lakini mwombe kabla hujampiga, akiwa amekaa, mdomo umefungwa, anaweza kusema hapana. Mweleze itaenda kwa nani. Itumie, kisha uifute simuni kwako. Ile ya "kabla na baada" ya kupamba ukurasa wa zahanati yako binafsi ni biashara, na biashara ina ridhaa yake tofauti, ya maandishi. Mgonjwa anayekudai punguzo la bei ili akuruhusu, huyo mwachieni mwenyekiti alijadili, mimi nina maoni makali.

Niliwaahidi sheria. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 16, inampa kila mtu hifadhi ya nafsi yake na maisha yake binafsi. Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inakataza kutoa majibu ya mtu bila ridhaa yake. Sheria ya 2017 ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi imetuweka chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, na Baraza linaweza kukuita. Halafu ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Hiyo inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, na anayezitoa kinyume cha sheria anaweza kufikia faini ya shilingi milioni 20, au kifungo cha hadi miaka kumi, au vyote. Yule kijana wa picha ya bibi, leo angekuwa na mazungumzo marefu zaidi ya yale tuliyofanya mimi na yeye.

Na mlango wa kutokea upo, msije mkadhani siri ni jela. Mahakama ikiamuru, utasema. Mtoto akiletwa na majeraha ya mdomo yasiyolingana na hadithi ya mzazi, Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka mwenye habari za mtoto kudhulumiwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa, nawe una ofisi ya ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto polisi. Usikae nayo. Mama anayeanguka bafuni ni habari nyingine, kwa sababu ni mtu mzima. Mtoe mumewe chumbani kwanza, sema unataka kupiga picha ya jino, kisha muulize. Mwandikie ulichokiona kwa usahihi: jino lipi, jeraha la urefu gani, upande gani. Mweleze habari za PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya aliyejeruhiwa. Halafu uamuzi ni wake. Hasira zako ni za haki, lakini ukikimbilia kwa mjumbe bila ridhaa yake, usiku ule atalala nyumbani kwake wakati wewe umelala kwako.

Kwenye mafaili nitapita haraka. Nenosiri la mfumo wa kompyuta lililoandikwa kwenye plasta juu ya kioo, liondoeni kesho asubuhi. Alama nyekundu kwenye kona ya faili la mwenye VVU, mkiikuta popote, iondoeni pia. Tumefundishwa kuchemsha vyombo na kuvaa glavu kwa kila mgonjwa kana kwamba wote wana maambukizi, sasa alama ni ya nini? Mfagiaji anaijua maana yake, muuza maandazi anayeingia na sinia anaijua. Na barua ya rufaa iandike kwa yale anayoyahitaji anayempokea mgonjwa, si wasifu wa maisha yake.

Nataka kurudi nyumbani kidogo, nimalizie na jambo linalonisumbua.

Sisi watu wa kusini tunasifiwa kwa kutunza siri. Vijana wanaingia jando, wasichana wanachezwa unyago, wanatoka, wanakaa miaka hamsini na hawasimulii waliyoambiwa mle. Muulize mzee wa Tandahimba alifundishwa nini na nyakanga, yule mkuu wa mafunzo ya jandoni, atakupa kahawa. Kwa nini basi mzee huyo huyo anajua habari za fizi za jirani yake? Nimelifikiria sana hili. Nadhani tumelelewa kutunza siri ya kundi. Siri ya wote ina walinzi wengi, na ukiivunja utatengwa. Siri ya mtu mmoja haina mlinzi. Tena tunaiona kama choyo: kwa nini afiche, kwani sisi si wenzake? Mgonjwa akituomba tusimwambie mkewe, tunahisi ametuvuta kwenye uovu. Hapo ndipo kazi yetu inapokwenda kinyume na malezi yetu, na hamtafundishwa hilo chuoni, kwa sababu mtaala haukuandikwa Chikongola hapa mjini kwetu.

Hata kufa hakumalizi. Kiapo cha Hippocrates kina zaidi ya miaka 2,000, na ndani yake mna kunyamazia uliyoyaona kwa wagonjwa. Madaktari wa dunia walipokutana Geneva mwaka 1948 waliandika ahadi mpya yenye neno hilo hilo la siri, na mwaka 1968 wakaongeza: hata baada ya mgonjwa kufariki. Waliongeza kwa sababu zao, lakini mimi nikiisoma naiona misiba yetu. Umekaa kwenye mkeka, kahawa inapita, mtu anakusogelea kwa upole kabisa: "Mtaalamu, marehemu si alikuwa anakuja kwako? Hivi alikuwa anaumwa nini hasa?" Si mmbea. Amefiwa, anatafuta kuelewa. Na wewe unataka kumfariji. Jibu ninalolitumia ni, "Tumwombee." Halichukizi mtu, na kahawa inaendelea.

Kuna watu hapa Mtwara wanapanda basi kwenda Lindi, kilometa zaidi ya mia, kung'olewa jino ambalo lingeng'olewa hapa wakarudi kula mchana. Wengine wanakwenda Ndanda. Hawafuati daktari bora, kwani wengine nimeyaona mashimo waliyorudi nayo. Wanafuata watu wasiowajua. Wanalipa nauli ya kwenda na kurudi kununua kile tulichopaswa kuwapa bure. Na asiye na nauli anakaa na usaha wake, anaweka karafuu, anaweka chumvi, akija kwetu shavu limevimba hadi jicho limefumba.

Yule mwalimu hakuja tena kwangu. Nilisikia anakwenda mbali, na sikuuliza wapi. Mimi nikahamishwa, nikarudi, nikahamishwa tena. Miaka michache iliyopita, asubuhi, jina lake likaitwa mapokezi. Nywele zimeingia mvi, amestaafu ualimu. Nikasimama, nikamsalimia, shikamoo ikatoka yenyewe ingawa hatupishani miaka mingi. Hakusema lolote kuhusu ghala wala korosho. Akaketi kwenye kiti, akaweka mkoba mapajani, akauliza kabla hajavua meno yake:

"Daktari, mlango huo unafungika?"

Nikatoa lile kopo la rangi kwa mguu, nikaufunga.